Mzee Tayari na Jenereta ya Ustawi

Baba mkwe wangu watu walimwita Mzee Tayari, na jina hilo hakusingiziwa. Kila asubuhi simu ya chumba cha mitambo ililia, mtu wa makao makuu akauliza swali lilelile alilouliza vituo vyote vya mikoani: "Mko tayari?" Wenzake wa mikoa mingine walijieleza. Mara mtambo huu unavuja, mara ule unasubiri spea, mara lori la mafuta limekwama njiani. Baba mkwe hakuwa na maelezo. Alikaza kifua, akajibu kwa sauti ya askari wa gwaride, "Tayari!", akaweka simu chini na kuagiza chai. Kazi kubwa ya siku ilikuwa imekwisha, na umande ulikuwa bado haujakauka.

Sisemi hivi kumsengenya. Mkwe hasengenywi, na mimi nimelelewa. Lakini nimekaa karibu naye miaka mingi, na kuna watu ambao ukiwajua vizuri, adabu peke yake haitoshi kukuzuia kucheka.

Mimi ni kinyozi. Umeme ninaoujua ni ule wa ukutani: nachomeka mashine, nanyoa. Ila ukioa binti wa mtu wa mitambo utalishwa habari za umeme utake usitake, kabla ya chakula, wakati wa chakula na ukishanawa. Ndiyo maana najua kwamba magharibi ya nchi kuna mkoa wa makaa ya mawe, wenye kituo kikubwa na bomba la moshi linaloonekana kutoka wilaya tatu, na wenyeji wa huko wanatembea vifua mbele, wakikohoa. Kusini kuna mkoa wa gesi, ambako watu wanajiona wasafi kwa kuwa moshi wao hauonekani. Mikoa hiyo miwili ndiyo inayoijaza gridi, na inanuniana kama mawifi wa nyumba moja, kila mmoja akidai ndiye anayelisha familia. Sisi wa huku, ambako hata magazeti hufika yameshafungiwa vitumbua, tulijengewa kituo cha akiba cha mafuta mazito. Siku makaa na gesi vikishindwa, kituo chetu kiwashwe, kiokoe mkoa. Siku hiyo ilikuwa haijapata kufika. Kwa hiyo kituo kililipwa kwa kuwa tayari, na Baba mkwe, mkuu wa zamu, alilipwa kwa kusema kuwa kiko tayari.

Nilipokwenda kujitambulisha kwake, kabla ya posa, hakunikaribisha sebuleni. Alinipeleka kituoni. Mlangoni alinivua viatu. Ndani mlikuwa na mitambo mikubwa kama nyumba, imepangwa safu, imepakwa rangi ya kijani, na inang'aa kiasi kwamba ungeweza kunyoa ndevu ukijitazama ubavuni mwake. Hapo nazungumza kama mtaalamu. Kimya kilikuwa cha maktaba. Nikaona nami niseme kitu, nisije nikaonekana bubu mbele ya mkwe.

"Baba, hii inawashwaje?"

"Si kama gari la mjomba wako, ukazungusha ufunguo," akasema. "Mafuta yake ni mazito kama uji uliopoa. Lazima yapashwe moto kwanza ndipo yatembee. Kisha kuna pampu, kisha kuna hewa ya kushindilia kwenye mitungi. Vyote hivyo vinataka umeme."

"Huo umeme unatoka wapi?"

"Kwenye gridi."

"Na mitambo inawashwa lini?"

"Gridi ikizimika."

Nikafikiri kidogo. "Sasa Baba, gridi ikizimika, hayo mafuta yatapashwa na nini?"

Alinipiga bega kwa furaha. Naamini hapo ndipo alipoamua kunipa binti yake. Akanipeleka nyuma, kwenye kibanda cha bati, huku akinieleza kwamba kuna jenereta ndogo ya dizeli ambayo kazi yake ni hiyo moja tu: kuwaamsha wakubwa. Bila hiyo, alisema, mitambo yote ile ni samani. Akafungua mlango wa kibanda. Ndani hamkuwa na kitu. Sakafuni kulikuwa na alama za magurudumu na doa la mafuta.

"Iko kwenye harusi," akasema, na akafunga mlango taratibu.

Ndivyo nilivyokutana na jenereta ya ustawi, kwa kutoiona. Ilianza kwa moyo mwema, kama mambo mengi yanavyoanza. Mfagizi wa kituo alifiwa, matanga yakakosa taa, meneja wa wakati huo akaruhusu jenereta ndogo ikaazimwe, "mara moja tu." Mwenye akili angejua kuwa "mara moja tu" ndiye mama wa desturi zote. Baada ya mfagizi akaja fundi na harusi ya mdogo wake. Baada ya fundi akaja mhasibu, na ubatizo. Ukaundwa utaratibu wa zamu, ukaitwa ustawi wa wafanyakazi. Ikawekwa sheria kwamba anayeazima airudishe tangi likiwa limejaa, na sheria hiyo iliheshimiwa kuliko zote zilizobandikwa ukutani. Kila meneja mpya alikuja na moto wa kuikomesha, mpaka yeye mwenyewe apate mwana wa kuoza. Hata Mkurugenzi anayesimamia mitambo yote ya makaa, gesi na mafuta nchini, ambaye kwao ni mkoani kwetu, alipomzika mama yake waliomboleza kwa taa zilezile.

Na majaribio ya kila mwaka? Yalifanyika, tena kwa sherehe. Mitambo iliwashwa kwa umeme wa gridi, ikanguruma, watu wakapiga makofi, cheti kikatundikwa. Hapakuwa na mtu aliyewahi kuiwasha gridi ikiwa imezimika, kwa sababu siku ambayo gridi ilikuwepo hapakuwa na haja, na jenereta yenyewe ilikuwa harusini. Kwa ufupi tulikuwa na kituo cha dharura kilichoweza kufanya kazi siku yoyote ile isipokuwa siku ya dharura. Nilimwambia hivyo Baba mkwe mara moja, nikiwa nimeshaoa.

"Mkwe," alinijibu, "gridi nzima haizimiki. Makaa yakishindwa, gesi ipo. Gesi ikishindwa, makaa yapo."

"Na vikishindwa vyote?"

"Usiniletee uchuro mezani."

Usidhani alikuwa mvivu. Angekuwa mvivu nisingekuwa na kisa. Alikuwa mtu wa kujituma ajabu, ila alijituma kungoja. Suruali yake ya kazi ilipigwa pasi mpaka mstari ukakata hewa. Buti zilikaa mlangoni, zimeelekezwa nje. Alilala na simu kifuani. Na hakusafiri. Tangu amwoe Mama mkwe hakuwahi kutoka nje ya mji ule hata kwa siku moja, kwa sababu huenda angeitwa. Baba yake Mama mkwe alipofariki, mama wa watu alikwenda kuzika peke yake, na mkoba wake mmoja. Binti yake alipoolewa na mimi, harusi ilikuwa kijijini kwetu, safari ya nusu siku. Baba wa bibi harusi alipiga simu. "Niko nanyi kiroho," alisema, "lakini msikate simu vibaya, laini isije ikakwama." Wageni wa upande wetu walimuuliza mke wangu kama baba yake yuko jela.

Mama mkwe hakuwa mlalamishi. Alikuwa na bustani. Walikaa nyumba ya kampuni, vyumba vitatu na baraza, na nyuma yake kipande cha ardhi ambacho alikikuta jalala. Alikifanya kikawa kitu ambacho watu walikuja kukipiga picha. Kila aliyekwenda kumtembelea alirudi na mche ndani ya kopo. Nilimuuliza siku moja angependa kwenda wapi kama angeweza. Aliinua jembe dogo, akalitazama. "Mimi nimeshazoea hapa," alisema, na sikumwamini.

Basi mwaka wa kustaafu wa Baba mkwe ukafika, na hapo ndipo maji yalipofika shingoni. Nyumba ya kampuni unaikalia ukiwa kazini. Ukistaafu unaondoka na vijiko vyako. Mzee hakuwa amejenga, kwa sababu kujenga kunataka kusafiri kwenda kuangalia kiwanja. Mama mkwe alianza kuzunguka bustani yake bila kupalilia, anasimama tu. Ndipo neno likaja kutoka makao makuu: Mkurugenzi mwenyewe atakuwa mgeni rasmi kwenye sherehe ya kumuaga, na hapo atamtangaza Mzee Tayari kuwa mshauri wa utayari wa vituo vyote vya akiba nchini. Cheo hicho hakikuwepo. Kilitungwa kwa ajili yake, na kilikuja na ruhusa ya kubaki kwenye nyumba hadi atakapochoka kushauri. Kama kuna kazi ambayo mtu hawezi kuichoka, ni hiyo. Mama mkwe alinunua mbegu mpya siku hiyohiyo.

Sherehe ilifanyika alasiri, uani kwao. Hema likasimamishwa, viti vya plastiki vikapangwa, meza ya heshima ikavishwa kitambaa cheupe. Kulikuwa na taa za rangi, feni za wakubwa, jokofu la soda, na spika mbili zenye uwezo wa kubomoa ukuta. Hakuna mtu wa kituo aliyefikiria hata kidogo kuunganisha vyote hivyo kwenye umeme wa gridi, ambao ulikuwa na tabia ya kukonyeza. Watu wa umeme wanaujua umeme. Ilikuwa zamu ya Mzee, zamu yake ya kwanza na ya mwisho tangu desturi ianze, na jenereta ya ustawi ilikuwa nyuma ya hema ikinguruma kwa raha zake. Mimi na mafundi wawili ndio tulioivuta na pikapu.

Meneja wa kituo alisema Mzee hajawahi kutuangusha. Kweli, alikuwa hajawahi kupewa nafasi. Kisha Mkurugenzi akasimama, akashika maikrofoni, akaanza kueleza maana ya utayari. Alikuwa amefika kwenye maana ya tatu nilipogundua kwamba mashine ya kusaga ya mtaa wa pili imenyamaza. Halafu redio za madukani zikanyamaza. Ukawa ukimya wa mji mzima, na sisi katikati yake tuna taa za rangi.

"Mnaona!" mshereheshaji akadaka. "Raha ya kusherehekea na watu wa umeme!" Tukapiga makofi.

Simu ya Mkurugenzi ikalia. Alisikiliza, uso ukabadilika, kisha ukabadilika tena na kuwa wa furaha. Mvua ilikuwa imelowesha rundo la makaa kule magharibi, makaa yakawa tope, tope likaziba mikanda, kituo kikubwa kikazimika. Gesi nayo ikabebeshwa mzigo wa nchi nzima kwa mkupuo, ikaanguka chini. Mikoa yote ilikuwa giza. (Wapo wanaosema maturubai ya kufunikia makaa yalikuwa yameazimwa kwenye harusi. Mimi sikuwepo, ila siwezi kubisha.) Amri ilikuwa imetoka: vituo vyote vya akiba vya mikoani viwashwe mara moja.

"Ndugu wageni!" Mkurugenzi akasema kwenye maikrofoni. "Mungu ana namna yake. Siku yenyewe ya kumuaga, ndiyo siku ya kumwona kazini! Mzee Tayari, inuka baba, nenda kawashe mitambo, sisi tunakungoja na keki yako!"

Wageni walishangilia mpaka hema likatikisika. Watu wa kituo hawakushangilia. Kila mmoja alikuwa anakagua kamba za viatu vyake. Nyuma ya hema jenereta ilinguruma, na sasa, kwa kuwa mji wote ulikuwa kimya, ilisikika kuliko hotuba.

Baba mkwe hakuinuka. Jasho lilimtoka chini ya kofia. "Tukate keki kwanza," alisema.

Tukakata keki. Kila mtu alilishwa, hadi walinzi. Simu ikalia tena, safari hii ya meneja. "Tuko kwenye maandalizi," nikamsikia akisema. Akakata, akamwinamia Mzee. "Tuseme mtambo mmoja una hitilafu."

"Tangu lini?"

"Tangu sasa hivi."

"Asubuhi nimesema tayari," Baba mkwe akanong'ona. "Nimesema mimi mwenyewe."

Mkurugenzi akauliza kuna nini. Akafuata macho ya watu, akachungulia nyuma ya hema, na akaitambua. Nilimwona alivyoitambua. Mtu hasahau kitu kilichomulika jeneza la mama yake. Nilidhani atafoka. Akarudi akakaa, akajifuta makombo ya keki kwenye tai, akasema kwa upole, "Hamna haraka, wazee. Makaa yatarudi. Muziki uendelee." Na muziki ukaendelea. Nilitaka kucheka na nilitaka kutapika, sikujua nianze na lipi.

Nje ya uzio watu walikuwa wameanza kukusanyika. Msagaji alikuja akiwa mweupe kwa unga, na fundi cherehani, na akina mama wenye ndoo, kwa sababu pampu za maji zimesimama. "Ninyi huo umeme mmeupata wapi?" mmoja akapaza sauti, na mshereheshaji akaongeza muziki. Kisha akaja muuguzi wa hospitali ya mkoa, mbio, kofia mkononi. Wanaume wa meza ya heshima walikuwa na shughuli ya kutazama upande mwingine, kwa hiyo aliyemkimbilia ni Mama mkwe, aliyekuwa akigawa soda. Sikusikia yote. Nilisikia "jenereta yetu mbovu," na nikasikia "kwenye chumba cha upasuaji," na nikasikia "tumwambie daktari angoje muda gani?" Mama mkwe aliweka kreti chini.

Alipita katikati ya hema, kati ya wanaocheza, akasimama mbele ya mumewe. Alikuwa amevaa nguo mpya. Hakupandisha sauti, lakini wote wa mbele tulimsikia.

"Baba Watoto. Nimemzika baba yangu peke yangu, kwa sababu huenda ukaitwa. Nimemwoza mwanangu peke yangu, kwa sababu huenda ukaitwa. Haya. Leo umeitwa."

Baba mkwe alimtazama kama mtoto aliyekamatwa. "Na nyumba?" aliuliza.

Mama mkwe alitazama upande wa bustani. Najua alitazama, kwa sababu nilikuwa namwangalia.

"Tutapanga," akasema.

Hakungoja jibu. Alizunguka nyuma ya hema na kuizima jenereta kwa mkono wake. Taa zikafa, feni zikasimama, na sauti ya mshereheshaji, iliyokuwa inaomba makofi kwa ajili ya mtu fulani, ikabaki ndogo kama ya mbu. Baba mkwe akainuka. Alivua koti, akaliacha kwenye kiti cha heshima, akasema, "Mkwe, leta pikapu."

Safari ile ya kwenda kituoni naomba nisiione tena. Mji mzima ulijipanga barabarani kutuangalia tukivuta jenereta iliyopambwa karatasi za rangi. "Kumbe ndiyo hii!" walipiga kelele. "Umeme wetu ulikuwa unacheza!" Mtu alitutupia ganda la ndizi. Baba mkwe alikaa nyuma ya pikapu, ameishikilia jenereta kwa mikono miwili, ua la plastiki la sherehe lingali kwenye shati lake.

Kituoni tuliiunganisha. Tukangoja mafuta yapate moto, na mkono wake ulikuwa juu ya bomba muda wote, kama anayempima mgonjwa homa. Kisha pampu, kisha hewa. Mtambo wa kwanza ulikohoa, ukatoa wingu jeusi, ukafa. Akajaribu tena. Ukakohoa, ukashika, sakafu ikaanza kutetemeka chini ya soksi zetu, maana hata siku hiyo tulivua viatu. Kutoka barabarani tukasikia mji ukipiga yowe la furaha, na msagaji, hakika, alikimbilia mashine yake. Jua lilikuwa bado halijazama. Hakuna mkoa mwingine uliowahi kuwasha kabla yetu. Vituo vingine vya akiba, kwa sababu ambazo kila kimoja kinazijua, vilikuwa kwenye maandalizi.

Baba mkwe aliegemea ubavu wa mtambo na kulia wazi, kamasi na yote. Nilimsogelea nikidhani anaililia nyumba.

"Mkwe," aliniambia, "kumbe inawaka."

Jioni ile redio ilimhoji Mkurugenzi. Alisema mkoa wetu umeokolewa na mpango madhubuti wa utayari ambao yeye binafsi aliusimamia akiwa papo hapo. Hakudanganya, alikuwa papo hapo kweli. Mshauri wa utayari akatangazwa wiki iliyofuata: meneja wa kituo, yule wa maandalizi. Baba mkwe aliitwa mbele ya kamati ya nidhamu kwa kutumia mali ya kampuni kwenye shughuli ya binafsi. Wajumbe wote wa kamati niliwatambua. Mmoja nilimnyoa siku ya harusi yake, chini ya taa za jenereta ileile. Walimuuliza kama ana la kujitetea, akasema hana, na akaongeza kwamba tangi alilirudisha likiwa limejaa.

Wakahama. Walipanga vyumba viwili nyuma ya saluni yangu, ua umesakafiwa kwa saruji, hakuna pa kuchimba hata shimo la kidole. Mama mkwe alileta miche kwenye makopo, akaipanga ukutani. Mingine ilikufa. Kampuni nayo ikajifunza, kama kampuni zinavyojifunza: ili jenereta isiazimwe tena, ilifungwa mnyororo na kufuli kubwa, na ufunguo, kwa usalama, ukapelekwa makao makuu mji mkuu. Mkurugenzi alisifiwa kwa hatua hiyo.

Masika yaliyofuata makaa yakalowa tena. Nilikuwa na mwalimu mkuu wa shule kwenye kiti, nimemnyoa upande mmoja wa kichwa, mashine ikafa mkononi. Nje, mashine ya kusaga ikanyamaza. Nikatazama uani, ambako Baba mkwe alikuwa anakula chakula cha mchana na mkewe. Simu yake ikalia. Aliyepiga alikuwa mkuu mpya wa zamu wa kituo, mtu mzima ambaye Mzee mwenyewe alimfundisha kazi, na sauti yake ilikuwa ya juu kiasi kwamba hatukuhitaji kutega sikio.

"Mzee, gridi imekwenda yote. Kufuli hatuna ufunguo. Hospitali wanapiga simu. Tufanyeje?"

"Kwenye kabati la vifaa, rafu ya chini, kuna msumeno wa chuma," Baba mkwe akasema. Alikuwa ameshasimama, tonge bado mkononi. "Ule mnyororo ni mwembamba. Kata."

Upande wa pili kabati lilifunguliwa, kisha likafungwa.

"Kata, mwanangu! Unangoja nini?"

"Mzee," yule bwana akasema, taratibu, kama mtu anayeomba radhi msibani, "mimi na watoto bado tunakaa nyumba ya kampuni."

Baba mkwe aliishusha simu, akaitazama, akairudisha sikioni. Mama mkwe alikuwa ameacha kula. Nilidhani atamtukana. Kwa kweli nilitaka amtukane, tena kwa niaba yangu.

"Basi kaa humo," akasema, bila hasira. "Washa mshumaa."

Kisha akaingia ndani, akatoka na buti zake mkononi, akakaa kwenye ngazi na kuzivaa, na Mama mkwe akaenda jirani kuazima msumeno. Mimi nilimwomba mwalimu mkuu radhi, nikampa kofia yangu, nikatoka kutafuta pikapu.